Jinsi ya kuandikia jarida la historia la Marekani ukiwa huku kwetu, hatua kwa hatua

Kuna swali linarudi kila mara kwa watu wanaopenda historia, hivi mtu wa Dar au Mombasa au Unguja anaweza kweli kuandika kwenye haya majarida ya historia ya Wamarekani, au mpaka uwe profesa wa Harvard ndo wakusikilize? Anaweza. Ila kuna namna ya kuliendea hili jambo na wengi wanaokwama wanakwama kwa sababu wanaanzia mwisho, wanaandika makala nzima kurasa ishirini alafu ndo wanatafuta pa kuipeleka. Mi naomba tuanzie mwanzo.

Kwanza wajue wanaoandika humo ni watu gani

Chukua American Heritage, manake hili ndo baba wa majarida haya. Lilianza 1949 chini ya chama cha watu wa historia za majimbo na miji, alafu 1954 likaja upya likiwa na jalada gumu kama kitabu, halina tangazo hata moja, na mhariri wake wa kwanza katika sura hiyo mpya akawa Bruce Catton. Sasa huyu Catton alikuwa nani? Mwandishi wa magazeti! Aliingia chuo cha Oberlin hakumaliza, akafanya kazi magazetini miaka kibao, ila utotoni kule Michigan alikulia kwenye kijiji chenye wazee waliopigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na alikaa akiwasikiliza wakihadithia. Mwaka huo huo wa 1954 akapata Pulitzer ya historia, tuzo kubwa ya waandishi kule Marekani. Hana digrii.

Barbara Tuchman naye aliandika humo, alisoma chuo cha Radcliffe akamaliza digrii ya kwanza basi, udaktari hakuufanya, akawa ripota, baadaye akachukua Pulitzer mara mbili. David McCullough alisoma fasihi ya Kiingereza Yale, miaka ya 60 akawa mhariri hapo American Heritage na kitabu chake cha kwanza, cha mafuriko ya Johnstown ya 1889 yaliyoua watu zaidi ya 2,200, alikiandika usiku na wikiendi huku akiwa na kazi yake ya mchana pale pale. Geoffrey Ward alikuwa mhariri wa jarida hilo, baadaye ndo akawa anaandika maneno ya zile filamu ndefu za historia za Ken Burns.

Maprofesa wamo pia, tena wengi, Allan Nevins wa chuo kikuu cha Columbia ndo mmoja wa waliopigania sana jarida la namna hii liwepo, lakini hata yeye alianzia kwenye magazeti. Kwa hiyo mwandishi wao ni mtu anayejua kuchimba nyaraka kama msomi na kusimulia kama ripota. Upande mmoja peke yake hautoshi, na kwa maoni yangu msomi anaumia zaidi kuliko ripota, sababu msomi anataka kuanza na mjadala wa wasomi wenzake, fulani alisema hivi mwingine akampinga, na msomaji wa jarida yuko kwenye treni anataka kujua nini kilitokea.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni kama jarida lenyewe bado lipo. Usicheke. American Heritage liliuzwa kwa kampuni ya Forbes 1986, likasimamisha uchapishaji 2007, likapata mwenyewe mwingine, likarudi, karatasi ikafa tena na sasa lipo mtandaoni tu tangu 2017. Mengine yamefungwa kimya kimya na linki za maelekezo kwa waandishi zimebaki zinaning'inia. Angalia tarehe ya makala ya mwisho kabla hujapoteza muda wako.

Alafu soma, ila soma kama fundi

Matoleo ya zamani ya American Heritage yapo mtandaoni unayasoma, na Smithsonian, lililoanza 1970 na linachanganya historia na sayansi na sanaa, nalo lina makala kibao za bure. Usisome kwa starehe tu. Angalia aya ya kwanza inaanza na nini, mtu wa kwanza kutajwa jina anatokea sentensi ya ngapi, ni wapi mwandishi anakwambia kwa nini unapaswa kujali, na maneno ya watu wa zamani yamenukuliwa wapi na kwa urefu gani.

Nikupe mfano mmoja uuone kwa karibu. Mwaka 1959 Tuchman alitoa humo makala ya kisa cha Moroko. Mei 1904 kule Tangier jambazi mkubwa wa milimani, Raisuli, alimteka tajiri mmoja aitwaye Ion Perdicaris, anayejulikana kuwa Mmarekani. Rais Theodore Roosevelt akatuma manowari, na waziri wake wa mambo ya nje John Hay akapeleka simu ya maandishi fupi kabisa, serikali hii inamtaka Perdicaris hai au Raisuli maiti, ikasomwa kwenye mkutano wa chama cha Republican Chicago na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Safi. Ila sasa, serikali ilikuwa tayari imeshapata habari kwamba Perdicaris alichukua uraia wa Ugiriki zamani wakati wa ile Vita yao ya Wenyewe kwa Wenyewe, ili mali yake kule South Carolina isichukuliwe. Yani manowari zote zile kwa ajili ya mtu ambaye uraia wake wenyewe una mashaka, na wakubwa wakanyamaza manake uchaguzi uko mlangoni.

Ona alichofanya. Hakuandika "sera ya nje ya Marekani Afrika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20". Ameshika wiki chache tu, watu wenye majina, na karatasi moja inayogeuza kila kitu. Ukisoma makala zao kumi utaona nyingi zina mifupa hiyo hiyo. Mi kipimo changu kwa kila wazo ni hicho, kuna mtu, kuna siku, kuna karatasi? Ikikosekana moja, wazo bado ni mada, halijawa makala.

Tafuta mlango wako mwenyewe

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wa kwetu wanajiangusha. Ukimwandikia mhariri wa jarida la historia ya Marekani ukamwambia una makala nzuri ya historia ya Zanzibar, atakujibu asante hatuandiki historia ya Zanzibar, na yuko sahihi, jina la jarida si linasema! Unachotakiwa kumuuzia ni historia yake yeye, ila imeonwa kutoka dirisha ambalo waandishi wake wa Boston hawajawahi kusimama. Na bahati nzuri dirisha hilo tunalo kwelikweli, sio la kulazimisha.

Mkataba wa biashara kati ya Seyyid Said na Marekani ulisainiwa Septemba 1833, aliyekuja kuusaini ni Edmund Roberts. Mwaka 1837 akafika konsuli wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts. Wakati huo meli za Salem zilikuwa zinatia nanga Unguja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na kushusha merikani, kile kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu wamekifunga na misafara ya bara ikakifanya pesa. Fikiria safari ya kile kitambaa, pamba imechumwa na watumwa kusini mwa Marekani, imefumwa kwenye viwanda vya Massachusetts kwenye watu wanaojiita wapinga utumwa, imefika Unguja, imepanda mabegani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, imebadilishwa na pembe, na pembe imeteremka pwani ikapanda meli ikaishia Connecticut kwenye vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, ambako ilikatwa kuwa vibao vyembamba vya piano na kuanikwa juani ndani ya nyumba za vioo mpaka ziwe nyeupe. Piano ya sebuleni kwa Mmarekani, upande wa pili wake ni mpagazi Mnyamwezi. Hiyo ni historia ya Marekani mia kwa mia na wewe ndo unaweza kuiandika kutoka huku.

Au chukua hiyo Vita yao ya Wenyewe kwa Wenyewe, ya 1861 mpaka 1865. Kuna majarida kule yanaishi kwa vita hiyo tu, kila jenerali ameandikwa mpaka farasi wake. Lakini pamba ya kusini ilipozibwa merikani ikaadimika Zanzibar, bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia nafasi yake. Mhariri aliyechoka na pigano la Gettysburg atainua kichwa akisoma hilo.

Angalia pia kalenda, wahariri wanapenda miaka ya kumbukumbu. 2026 wana miaka 250 ya uhuru na kila mtu yuko huko, foleni ndefu. Ila mkataba wa 1833 unatimiza miaka 200 mwaka 2033 na sidhani kuna msururu wa watu wanaousubiri. Majarida yanapanga mapema sana kwa hiyo wazo la kumbukumbu peleka mwaka mzima kabla au zaidi.

Kuchimba bila kununua tiketi ya ndege

Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyiko wa magazeti ya zamani mtandaoni unaitwa Chronicling America, bure kabisa, mpaka ya 1963. Nyaraka za Taifa za Marekani zina ripoti za makonsuli wao wa Zanzibar kuanzia 1836 mpaka 1906, tafuta kwenye katalogi yao. Karatasi za Waters ziko Phillips Library, ambayo ni maktaba ya jumba la makumbusho la Peabody Essex la Salem, na unaweza kuwaandikia watu wa maktaba imeili ukawauliza kwa adabu, wale kazi yao ni kujibu na wengi wanafurahi kweli kusikia kuna mtu Afrika Mashariki anauliza habari za boksi ambalo halijaguswa.

Siri ya kutafuta kwenye magazeti ya zamani ni kutumia maneno ya wakati ule. Ukiandika Sultan of Zanzibar kwa miaka ya 1840 hupati kitu cha maana, manake wao walimwita "Imaum of Muscat", ndivyo walivyoandika, na u yake ndani. Majina ya watu wetu wameyakata vibaya, Ahmad utamkuta Ahmet, utamkuta Ahamet, jaribu kila namna inayokuja kichwani. Na mashine iliyosoma hizo kurasa inakosea sana wino ukififia kwa hiyo usiishie kwenye maandishi yaliyotafutwa na kompyuta, fungua picha ya ukurasa wenyewe usome kwa macho, alafu soma na kilichopo pembeni, bei za pembe, meli zilizoingia wiki hiyo, huko ndo unaokota vitu.

Alafu usisahau nyumbani. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zipo, na kama unasoma Kiarabu au Kiswahili cha herufi za Kiarabu au una mzee anayekisoma, una kitu ambacho waandishi wengi wa kule hawana na hawawezi kukipata kwa wiki mbili. Hilo liseme bila aibu kwenye barua utakayomwandikia mhariri. Kila unachokipata piga skrinishoti, andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa na linki, siku ile ile. Utaniombea dua baadaye.

Barua ya pendekezo

Usitume makala, tuma pendekezo, isipokuwa maelekezo yao yanasema vingine (wengine wana fomu yao kabisa kwenye tovuti, jaza hiyo). Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ni kisa, sio wewe, na iandike kama vile ndo makala imeanza. Tuseme unataka kuuza kisa cha meli ya Sultana, pendekezo baya linakuwa hivi: "Ningependa kuandika kuhusu mahusiano ya kihistoria kati ya Marekani na Afrika Mashariki katika karne ya 19." Mhariri ameshalala.

Zuri linakuwa hivi: "Tarehe 30 Aprili 1840 meli Sultana iliingia bandari ya New York ikitoka kwa mtawala wa Muscat na Zanzibar, imebeba pembe, karafuu, kahawa na tende, na zawadi kwa Rais Martin Van Buren wakiwemo farasi wa Kiarabu, ambazo Katiba ilimkataza kuzipokea bila ruhusa ya Bunge. Mjumbe, Ahmad bin Na'aman, alikaa mjini zaidi ya miezi mitatu huku watu wakimiminika kumtazama, jeshi la wanamaji likamtengenezea meli yake, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Ikabidi Bunge lipitishe azimio la nini kifanyike na zile zawadi."

Umeona? Mtu, siku, karatasi. Aya ya pili sasa mwambie kwa nini msomaji wa leo ajali na kitu gani kipya unaleta, na hapa kuwa mkweli, kisa cha Sultana kimeshaandikwa na wasomi, kwa hiyo ukisema hakuna aliyewahi kukigusa mhariri akigugo dakika moja umekwisha. Sema upya wako uko wapi, labda umepata upande wa Zanzibar wa ile safari. Aya ya tatu orodhesha vyanzo vyako vikuu. Ya nne ndo wewe, sentensi tatu, na linki za kazi zako mbili nzuri, hata kama zimetoka gazeti la huku. Huna cheti cha historia? Usiombe msamaha, Catton alikuwa hana.

Tuma kwa jarida moja kwanza. Wakikaa kimya wiki kadhaa wakumbushe mara moja kwa upole, wakiendelea kimya chukua wazo lako peleka kwingine, kimya ni jibu.

Kuandika yenyewe

Kwa mara ya kwanza unaweza kuambiwa uandike bila ahadi, wakiipenda ndo wanunue. Kwa mgeni ni kawaida, kubali mara moja, ukishajulikana usikubali tena.

Anza kwenye tukio, sio kwenye historia ya tukio. Weka Sultana bandarini kwanza, mkataba wa 1833 utakuja baadaye kwa aya moja wakati msomaji tayari anataka kujua hii meli imefikaje hapa. Nenda kwa mpangilio wa siku, usirukeruke miaka. Usimwekee mtu mawazo kichwani ambayo hakuyaandika, hii "Ahmad alitazama majengo akajiuliza" kama hakuna barua inayosema alijiuliza, futa, mhariri wa historia akiona sentensi moja ya hivyo anaanza kuzitilia shaka zote. Nukuu za zamani ziwe fupi na tamu, mstari mmoja wa hasira wa konsuli unafanya kazi kuliko barua nzima ya heshima.

Kuhusu utumwa, usiupite pembeni na usihubiri. Unguja ile ya pembe na karafuu iliendeshwa na watumwa, Wamarekani waliofanya biashara hapo walijua, weka ukweli wenyewe na majina na bei kama unazo, msomaji atafika mwenyewe.

Mtafute mwanahistoria mmoja au wawili wanaoijua mada, waulize swali mahususi kwa imeili, wanukuu. Majarida haya yanapenda sauti ya mtaalamu aliye hai ndani ya makala, na huyo huyo atakuokoa usirudie hadithi ya uongo iliyozoeleka.

Wakija wahakiki

Makala ikikubaliwa bado. Majarida makini yana mtu ambaye kazi yake ni kuhakiki kila neno, kwenye jarida hakuna tanbihi lakini wewe unatakiwa uwe na nakala nyingine yenye chanzo kwa kila sentensi. Kila sentensi! Sema umeandika "Van Buren alikataa zawadi kwa sababu ya Katiba." Mhakiki atauliza, alikataa au aliliachia Bunge liamue? Ibara gani? Utamjibu ibara ya kwanza kifungu cha 9, inayozuia mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ruhusa ya Bunge, na utamuonyesha kumbukumbu ya Bunge, na kumbe neno "alikataa" limezidi, mnalibadilisha. Usichukie, huyo mtu anakulinda. Ndo pale zile skrinishoti zinapokusaidia.

Picha, mkataba na hela

Picha kwa kawaida jarida linatafuta lenyewe, ila ukipendekeza tatu nne na kusema ziko wapi unakuwa rafiki yao. Kitu kilichochapishwa Marekani zamani, kwa kanuni ya jumla miaka zaidi ya 95 iliyopita, hakina hakimiliki tena kule, na kazi za serikali yao kuu ziko huru, lakini makumbusho yanaweza kukutoza kwa faili lenye ubora, uliza kabla hujaahidi.

Mkataba soma wote. Angalia unalipwa wakiikubali au ikichapishwa, manake tofauti inaweza kuwa mwaka mzima. Angalia kama kuna malipo ya sehemu wakighairi baada ya wewe kumaliza kazi, uliza kama hayapo. Kama si raia wala mkazi wa Marekani watakupa fomu ya W-8BEN ya mambo ya kodi, ijaze, na ulizia mapema watatumaje hela manake makato ya benki za kati yanaweza kukutia simanzi.

La mwisho ni haki. Jitahidi uwauzie haki ya kuchapisha mara ya kwanza kwa Kiingereza tu, na waombe waandike wazi kwamba tafsiri inabaki mikononi mwako. Wengi wanakubali bila ubishi kwa sababu Kiswahili hawana mpango nacho. Watataka muda fulani makala ikae kwao peke yake, sawa, subiri huo muda uishe, alafu iandike upya kwa Kiswahili, sio kuitafsiri, ile ya kwanza uliieleza kwa mtu asiyejua Tabora iko wapi, hii ya pili mahali pa kueleza ni Ivoryton.